Safu sita za Bisamberg: shajara ya shamba la mizabibu ndani ya jiji la Vienna

Jumamosi, 20 Januari 2024

Nyuzi tatu chini ya sifuri, saa mbili asubuhi. Tramu namba 31 inaanzia Schottenring katikati ya mji na kuishia Stammersdorf. Ukishuka hapo unapanda kilima cha Bisamberg kwa miguu, robo saa tu, umefika shambani, na bado hujavuka mpaka wa jiji. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa na jambo hilo halijaacha kunishangaza. Vienna ina hekta zipatazo 600 za mizabibu ndani ya mipaka yake, na si mapambo ya watalii. Ni mashamba ya watu wanaonunua dawa ya ukungu na kugombana juu ya mipaka kama watu wa Mpunguzi, kwetu Dodoma.

Shamba "letu" ni letu kwa jasho tu. Mwenyewe ni bibi wa miaka 84 ambaye mumewe alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo safu sita za chini hazijaguswa na mkasi. Ni kama mita za mraba 800, sehemu ya tano ya ekari. Nilimjua wodini nilipokuwa zamu ya usiku. Aliponiuliza kwetu wapi nikamwambia Dodoma, kwetu tunalima zabibu, akacheka akidhani namtania. Nikamwonyesha picha za shamba la mama kwenye simu. Wiki iliyofuata akanipigia: njoo uone langu.

Tuko sita: mimi, mwalimu mstaafu, fundi bomba, wanafunzi wawili wa kilimo, na kaka mmoja wa Bukavu aliyekuja kwa sababu nilimwahidi chakula. Leo tumehesabu tu. Mashina 290. Yaliyokufa kabisa 47. Mengine yamekua ovyo, matawi yamelala juu ya waya kama nywele zisizochanwa, na michongoma imepita katikati. Nguzo 11 zimeoza.

"Dada, hii baridi haiko ya mchezo," amesema kaka wa Bukavu, kisha akafanya kazi kutushinda wote.

Jumamosi, 17 Februari

Tumepogoa. Nimekuja na majivuno yangu ya Dodoma nikakuta nusu ya ninachojua hakina kazi hapa. Kwetu mzabibu haulali. Unaupogoa unapotaka uamke, na ukipanga vizuri unavuna mara mbili kwa mwaka. Hapa baridi ndiyo inayopanga. Mti unalala tangu Novemba, una nafasi moja tu mwaka mzima, na ukikosea kukata umekosea hadi mwaka kesho.

Bibi amekaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, akitoa amri kwa fimbo. Amenionyesha jinsi ya kutafuta tawi la kubakiza: liwe nene kama penseli, limetoka kwenye mti wa mwaka jana, na lisiwe limekulia kivulini. Unaacha macho, yaani vichipukizi vilivyolala, manane hadi kumi, unalipinda taratibu hadi lilale kwenye waya, unafunga. Unaacha na kisiki kifupi cha macho mawili karibu na shina, akiba ya mwakani. Tawi likipindwa hutoa mlio mdogo, kriik, na Bibi akiusikia anajua kama limepona au limevunjika bila hata kugeuka.

Kitu kimoja alisisitiza. Safu mbili za chini kabisa ziachwe hadi mwisho wa Machi, kwa sababu baridi hushuka kilimani kama maji na kutuama pale. Mzabibu uliochelewa kupogolewa huchelewa kuchipua. Lakini leo jua lilikuwa la Aprili, watu wameshavua makoti, wale wanafunzi walikuwa wamepata moto wa kazi, na Bibi alikuwa ameingia ndani kunywa chai. Wakaniuliza, tumalize? Nikasema malizeni.

Naandika hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba hawakuniuliza.

Jumamosi, 9 Machi

Mizabibu inalia. Ndivyo wasemavyo wenyeji: udongo ukipata joto, maji hupanda na kutokea pale ulipokata, tone baada ya tone, safi kama maji ya kunywa. Nimeweka kidole, nikaonja. Hayana ladha yoyote. Februari iliyopita imetangazwa kuwa ya joto kuliko zote tangu vipimo vianze Austria. Bibi ameziangalia zile safu mbili za chini, akaona na zenyewe zinalia. Hakusema kitu, na kunyamaza kwake kumeniuma kuliko maneno.

Nguzo mpya 11 za mti wa mshita zimesimama. Fundi bomba amekaza waya zote kwa mashine ya kwao kazini.

Jumatano, 24 Aprili

Nimetoka zamu saa moja asubuhi, nikapitiliza moja kwa moja na tramu bila kulala.

Usiku umekuwa chini ya sifuri. Vichipukizi vilikuwa vimefika urefu wa kiganja, vina majani manne matano na vishada vidogo kama punje za ulezi. Sasa safu za chini zote mbili zimekuwa nyeusi, zimelegea, kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Ukigusa jani linabaki mkononi. Safu ya tatu imeungua nusu. Ya nne hadi ya sita, huko juu, zimepona karibu zote.

Nimemwambia Bibi ukweli kwamba ruhusa ya kumaliza kupogoa niliitoa mimi. Akasema mzabibu kila jicho lina mdogo wake nyuma. Lile kubwa likifa, dogo linaamka, ila huzaa kidogo. Akaongeza kwamba mumewe alifanya kosa lilelile mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na yeye, Bibi, alilikumbusha kwa miaka hamsini. Nimeelewa nitakachosubiri.

Jumamosi, 25 Mei

Ajali ile imenifundisha jambo ambalo nilikuwa nalichukulia kama hadithi ya brosha.

Shamba hili limepandwa mchanganyiko. Katika safu moja unakuta Grüner Veltliner, hatua mbili mbele Riesling, kisha Welschriesling, kisha Neuburger, Traminer, na mashina kadhaa ambayo hata Bibi huyaita "yule wa babu". Wenyeji huuita mtindo huo Gemischter Satz: aina nyingi katika shamba moja, zinavunwa siku moja, zinakamuliwa pamoja, zinachacha pamoja. Si kwamba mtu anatengeneza mvinyo tano halafu anazichanganya ghalani. Mchanganyiko uko ardhini. Tangu mavuno ya mwaka 2013, Wiener Gemischter Satz ina hadhi yake ya kisheria: aina nyeupe zisizopungua tatu, isiwepo inayozidi nusu ya shamba, na ile ya tatu kwa wingi isipungue asilimia 10.

Nilidhani ni mapenzi ya kale. Leo nimepita shina kwa shina na daftari katika safu ya tatu, ile iliyoungua nusu. Traminer, ambaye huamka mapema, ameumia karibu kila shina. Riesling, aliye mzito wa kuamka, wengi wamepona. Welschriesling ndiye aliyelala kuliko wote, hana hata alama. Yaani mkulima wa zamani hakuwa mshairi. Alikuwa mtu anayejua kwamba baridi ya Aprili haimkuti kila mmoja akiwa macho, kwamba mvua ya Juni wakati wa maua itamharibia huyu na kumwacha yule. Hakuwa na bima, alikuwa na aina saba za zabibu. Bibi yangu mzaa mama alichanganya uwele na mtama katika shamba moja kwa akili hiyohiyo, na hakuna aliyempa hadhi ya kisheria.

Katika karne ya ishirini wengi waling'oa wakapanda aina mojamoja, ili chupa iwe na jina moja linalouzika. Mchanganyiko ukawa mvinyo wa kunywa mezani tu, wa bei ya chini. Ni kizazi cha juzijuzi hiki kilichougeuza kuwa fahari ya jiji. Lakini uliwezaje kufika hadi juzi? Swali hilo nimelibeba hadi nyumbani.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya dawa. Mvua za wiki mbili zimeleta ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, kwenye majani ya chini, madoa ya njano kama mafuta. Tumepuliza mrututu kwa kipimo kidogo, na salfa kwa ajili ya ubwiri unga. Bomba la mgongoni linavuja upande wa kushoto. Suruali yangu sasa ni ya buluu.

Katika kupumzika, mmoja wa wanafunzi amechimba kidogo karibu na shina ili atuonyeshe kovu la kuunganishia. Mti wa juu ni wa Ulaya, mizizi ni ya asili ya Marekani. Kila shamba la hapa liko hivyo kwa sababu ya mdudu mmoja, filoksera, aliyevuka bahari na kula mizizi ya mizabibu ya Ulaya. Austria alionekana kwanza Klosterneuburg mwaka 1872, ng'ambo tu ya Danube ukitazama kutoka hapa kilimani. Na Klosterneuburg hapohapo ndipo palipokuwa na shule ya mizabibu iliyoanzishwa mwaka 1860. Mdudu alifikia mlangoni kwa walimu.

Jumamosi, 13 Julai

Joto. Hakuna kazi baada ya saa nne asubuhi. Tumepunguza majani upande wa mashariki peke yake, ili jua la asubuhi liingie na lile la mchana lisichome matunda.

Jana nilipotoka kazini nilipita Schwarzenbergplatz. Nyuma ya uzio wa chuma, kati ya majumba ya mawe, kuna kishamba kidogo cha mizabibu, katika wilaya ya kwanza kabisa ya jiji. Tramu zinapita mbele yake, watu hawageuzi shingo. Zama za kati mizabibu ilifika hadi kwenye kuta za mji, na mingine ilikuwa ndani ya kuta. Mitaa ambayo leo ni ya maghorofa na maduka ya simu ilikuwa mashamba. Waturuki walioizingira Vienna mwaka 1529 na 1683 waliyateketeza, yakapandwa tena, kisha majumba yakayala polepole. Kile kishamba nilikiona kama jino moja lililobaki kinywani mwa mzee.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo sijafanya kazi ya maana shambani. Nimefunga nyavu za ndege na kuzungumza na mama kwa simu, saa nzima, nimekaa chini ya mlozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizo zabibu zako za Wazungu zimeiva?"

Zake zimeiva. Yuko katika mavuno ya pili ya mwaka. Kiwanda kilichomwahidi kuchukua kimesema asubiri wiki mbili, matangi yamejaa. Zabibu hazijui kusubiri. Sukari inapanda, ngozi inalegea, nyuki na ndege wanajihudumia. Kuna mtu amekuja na gari akataja bei ambayo mama hakutaka hata kuirudia kwenye simu. Nikamuuliza, kwa nini usikamue mwenyewe ukauza mchuzi wa zabibu? Akaniuliza mimi: tangi nitoe wapi? Na nikikamua, nikatia chupani, leseni, stempu ya ushuru, nembo ya ubora, nitavipata kwa ekari moja na nusu?

Nilipokata simu nikamwendea Bibi, nikamweleza. Akanijibu kwa kunionyesha lango lake. Juu ya lango kuna ndoano ya chuma iliyopata kutu. Hapo, alisema, mume wangu alitundika tawi.

Hii habari nilikuwa naijua juujuu, leo nimeielewa. Tarehe 17 Agosti 1784 Kaisari Joseph II alitoa amri kwamba mtu yeyote aruhusiwe kuuza mvinyo aliouzalisha mwenyewe, nyumbani kwake, wakati wowote wa mwaka, kwa bei anayoitaka. Inaelezwa kwamba kilichomsukuma ni malalamiko ya wakulima wa upande wa Gorizia, leo mji wa Italia, ambao kabaila wao aliwalazimisha wenye vilabu wauze mvinyo wake peke yake. Tangu hapo mkulima wa Vienna mwenye mvinyo tayari hutundika tawi la msonobari langoni. Tawi likining'inia, kuna kinywaji, ingia. Likiondolewa, kimekwisha, nenda kwa jirani. Nyumba hizo ndizo zinazoitwa Heuriger, na neno lenyewe maana yake ni "wa mwaka huu". Mkate, jibini, nyama baridi, meza za mbao uani, na glasi ya robo lita yenye mpini. Mwaka 2019 utamaduni huo uliingizwa katika orodha ya urithi usioshikika wa Austria.

Kwa hiyo swali langu la Mei nimepata jibu, angalau langu mwenyewe. Watu hupenda kusema mizabibu ya Vienna imebaki kwa sababu Waviena wanapenda mila. Hapana. Wapenda mila wako kila mahali, na kila mahali viwanja vinapimwa. Hapa mkulima mwenye safu ishirini alikuwa na mlango wake. Hakumsubiri mnunuzi. Mchanganyiko wa zabibu zisizo na jina sokoni ulikuwa na maana kwake, kwa kuwa hakuhitaji jina. Mnywaji alikaa uani kwake na kuonja. Ardhi iliyomlipa jirani yake wa ghorofa kwa mara moja, ilimlipa yeye kila mwaka kwa glasi. Siku hizi kuna sheria za mipango miji pia zinazolinda vilima hivi, na bila hizo nyumba zingekuwa zimeshapanda hadi kileleni. Lakini sheria ililikuta shamba likiwa hai.

Mama nimemtumia pesa kidogo za vibarua. Haikuwa alichokuwa anaomba.

Jumamosi, 31 Agosti

Kipimo. Tumechuma punje mia kutoka safu zote, tukaziponda katika mfuko wa plastiki, tukachuja, tukatumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea. Hapa hawatumii briksi, kipimo cha sukari tulichozoea Makutupora, Dodoma. Wana kipimo chao, KMW, kilichotokana na shule ileile ya Klosterneuburg na mkurugenzi wake wa kwanza, August Wilhelm von Babo. Kinakuambia katika kila gramu mia za mchuzi sukari ni gramu ngapi. Chetu kimesoma 17.4. Kisheria mvinyo wenye hadhi unaanzia 15. Na huu ni mwisho wa Agosti! Bibi anasema ujana wake walivuna Oktoba wakiwa na glovu.

Ugomvi umeanza. Wanafunzi wanataka kusubiri wiki mbili zaidi, Riesling bado kali. Mzee wa handaki la mvinyo, jirani atakayetukamulia, amesema ukali huo ndio unaotakiwa. Neuburger amelegea kwa utamu, Riesling atamshika mkono. Ndiyo kazi ya mchanganyiko. Mwaka wa joto kama huu, aliye mbichi kidogo ni chumvi ya sufuria.

Kisha akatusimulia kwamba mwaka 1450 mvinyo wa Vienna ulikuwa mkali hata hakuna aliyeunywa, watu wakawa wanaumwaga barabarani, na Mfalme Friedrich III akaamuru usimwagwe, upelekwe kukorogea chokaa ya mnara wa Kanisa la Mtakatifu Stefano. "Na mnara haujaanguka," akasema. Mnara huo wa kaskazini haukumalizwa pia, lakini sikutaka kumharibia hadithi.

Tumepiga kura. Jumamosi ijayo.

Jumamosi, 7 Septemba

TUMEVUNA.

Tulianza saa moja na nusu asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, tukamaliza saa saba. Kaka wa Bukavu alikuja na binamu zake watatu na redio. Vichala vya Riesling ni vidogo, vimebanana kama mahindi. Vya Welschriesling virefu, vya kijani hafifu. Traminer, wachache waliopona, ni wa waridi na wananukia hata kabla hujakata. Vyote ndoo moja. Mkono unasita mwanzoni, kwa sababu kwetu kuchanganya aina ni uvivu, halafu unazoea. Tulichokataa ni kilichooza na kilichotobolewa na nyigu. Nyigu walinipata mara mbili, shingoni na kwenye kidole gumba.

Kreti kumi na moja na nusu, kilo 228. Kutoka safu mbili za chini: kreti moja haikujaa.

Handaki la mzee liko kwenye Stammersdorfer Kellergasse, ile barabara ya kuzama yenye malango madogo pande zote mbili. Udongo huu wa manjano mwepesi unachimbika kama jibini na hauporomoki, kwa hiyo mababu zao walichimba tu ndani ya kilima. Ukiingia unapigwa na ubaridi na harufu ya kuni zilizolowa. Tumesaga, tukaacha kwa muda wa saa nne, tukakamua. Mchuzi ulianza kutoka wenyewe kabla hata ya kubana, wa kijivu-kijani, mtamu wa kukwaruza koo. Lita 155. Kipimo: 17.8.

Bibi alikunywa glasi nzima amesimama. Hajasimama bila fimbo tangu nimjue.

Jumapili, 15 Septemba

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Kijito cha Wien, ambacho siku za kawaida ni uzi wa maji unaopita kwenye mfereji mkubwa wa mawe, watu huuliza mfereji wote huo wa nini, leo kimejaa hadi juu na njia kadhaa za treni za chini zimesimama. Nje ya jiji, katika jimbo la Austria Chini linaloizunguka Vienna, vijiji viko majini. Kazini tumegawana zamu kwa sababu wenzetu wengine hawawezi kufika.

Majirani ambao hawajavuna wana zabibu zinazopasuka kwa maji. Hakuna aliyesema "si tuliwaambia". Mwanafunzi mmoja ameandika kwenye kundi letu: "Asante Mzee."

Jumapili, 22 Septemba

Mtungi unachacha vizuri, unanguruma. Ukiweka sikio unasikia kama mvua ya mbali juu ya bati. Mzee haingii handakini bila mshumaa unaowaka, ameushika chini, karibu na goti. Hewa inayotoka kwenye mchuzi unaochacha ni nzito, hutuama sakafuni, na haina harufu. Mshumaa ukizimika unageuka na kutoka, huulizi. Ana kigunduzi cha betri pia, ukutani. Anauamini mshumaa zaidi.

Wakati huu wa mwaka jiji zima linakunywa Sturm, mchuzi uliofika nusu ya safari: una ukungu, mtamu, una povu, na kilevi kimeshaingia bila kujitambulisha. Mzee alinipa chupa ya kupeleka nyumbani akaniambia usiizibe. Ndani ya tramu watu wamebanana, nikaogopa kuwamwagia, nikaikaza kwa mkono. Ilifumuka kituo cha pili kabla ya kushuka. Mama mmoja aliyevaa koti jeupe alinitazama, akajitazama, akasema neno moja tu: "Sturm." Kisha akacheka. Nimelipia dobi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kuchacha kumekwisha. Tumeuhamisha mvinyo kutoka kwenye masimbi, yale mashapo ya chini. Limebaki lita 138. Harufu ya tofaa na majani yaliyokatwa, ukali upo. Tumeongeza salfa kidogo sana.

Jumatatu, 11 Novemba

Leo ni Mtakatifu Martin. Kwa desturi ya hapa mvinyo mpya unapata jina leo, na ule wa mwaka jana, ambao hadi jana usiku ulikuwa ndio Heuriger, unakuwa wa zamani. Wetu bado una ukungu, haujachujwa. Wenyewe huuita "wenye vumbi" na wapo wanaoutaka hivyohivyo.

Bibi hakutuambia kitu. Mwalimu mstaafu ndiye aliyejua, kwa sababu ndiye aliyempelekea taarifa yake ofisini. Tulipofika saa nane mchana tulikuta ngazi imeegemezwa langoni na fundi bomba yuko juu yake akisugua kutu kwenye ile ndoano. Bibi alikuwa chini amekumbatia tawi la msonobari, limemwacha na ulimbo kwenye mikono yote miwili na kwenye sweta. Lilipotundikwa aliomba lipinduliwe, upande mzuri utazame barabarani. Likapinduliwa. Akaomba tena lirudishwe lilivyokuwa.

Meza mbili uani, mkate, mafuta ya nguruwe, vitunguu, jibini. Maharage ya nazi niliyopika mimi hayakuruhusiwa kuuzwa, tukala wenyewe jikoni. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye mbwa. Alisoma ubao, akaagiza robo lita, akanywa kidogo, akatazama ndani ya glasi, akauliza ni zabibu gani.

"Zote," akasema Bibi.

Akaagiza nyingine. Hadi saa moja jioni wameingia watu 19 na lita 14 zimetoka.

Nimemrekodia mama ujumbe wa sauti, na picha ya tawi. Amejibu nikiwa kwenye tramu:

"Nimeona. Sasa hiyo bei ya ubaoni, nani kaipanga?"

Nikamwandikia: Bibi mwenyewe.

"Peke yake?"

Ndiyo, mama.

Kimya cha muda mrefu, alama za kuandika zinakuja na kupotea. Halafu: "Huo mti wa tawi unaitwaje kwa Kiswahili?"

Kazi zilizobaki: kuagiza miche 47, na isiwe aina moja. Bomba la dawa, kubadilisha mpira wa kushoto. Safu mbili za chini hazipogolewi kabla ya mwisho wa Machi, hata jua likiwaka vipi.